Joto la Bure la Asmund

Watu wa Bremvik walijua siku ambayo Asmund anataka kuoga, maana alianza kwa kuwasha gari. Aliketi kwenye usukani na taulo shingoni, mkewe Gudny pembeni yake na chupa ya kahawa magotini, wakaizunguka ghuba yote mpaka kwenye mnara wa taa na kurudi. Walipoegesha tena pale gatini, maji ya kuoga yalikuwa yanafuka mvuke.

"Haya, bwana harusi huyo, anakwenda kuchemsha maji!" muuza samaki alimpigia kelele. "Asmund, wenzako wana birika!"

"Birika lako limewahi kukupeleka wapi?" Asmund alimjibu kupitia dirishani, akakanyaga mafuta.

Gudny alicheka kila mara, na kila mara alicheka kidogo kuliko jana yake. Yeye ndiye aliyeishi na utani huo usiku kucha. Alikuwa mpishi wa kivuko maisha yake yote, mwanamke wa sufuria kubwa na kauli fupi, na mumewe alikuwa dereva wa basi. Walipostaafu waliuza nyumba, wakanunua gari-nyumba lenye kitanda nyuma na meza ya kukunja, wakaapa kwamba hawatazoa theluji kwa koleo tena mpaka waingie kaburini. Siku ile ile ya kulinunua, kabla Gudny hajatundika mapazia, Asmund alilala chali chini ya kabati akaing'oa hita ya gesi, mipira na yote, akaitupa jalalani.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini, maana wote walijua. Kaka yake Leiv alikwenda kuwinda, akawasha hita ya gesi kwenye kibanda, akafunga mlango, akalala. Asmund ndiye aliyekwenda kuufungua mlango ule.

"Gesi inakuua umelala," alisema. "Injini ikitaka kukuua, angalau inapiga kelele kwanza."

Basi akatengeneza joto lake mwenyewe. Maji ya injini, yale yanayozunguka kwenye rejeta yakichemka bure na kutupa moto wake hewani, aliyatolea mpira mrefu mpaka nyuma. Huko yalipita ndani ya tangi la kuogea bila kuchanganyika na maji yake, yakapita kwenye kirejeta kidogo chenye feni chini ya kitanda, ndipo yakarudi mbele kupasha kioo na miguu ya dereva. Pale uvunguni aliweka koki moja ya shaba. Ukiifunga, nyuma hakupati kitu, moto wote unakwenda mbele. Fundi mmoja wa gereji alitazama kazi ile akakuna kichwa.

"Umeanzia nyuma, mzee. Kioo chako kitakula makombo."

"Mtu kwanza," Asmund akasema. "Kioo hakiugui mafua."

Na kweli, wakati wa safari gari lile lilikuwa na joto kama jiko la mikate. Taabu ni pale linaposimama. Injini ikizimwa, joto linaaga polepole kama mgeni asiyetaka kuondoka, na kabla ya alfajiri Gudny alikuwa amevaa koti la sufi kitandani, anauma meno. Alimwambia wanunue hita ya dizeli kama watu wengine. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa hasira, akamwambia mbele ya watu. Sikio la kufa halisikii dawa. "Tunalipaje moto wakati tunao wa bure?" ndilo lilikuwa jibu lake. Jamani, mwanamume mbishi unaweza kumwacha, lakini mbishi anayekufunika blanketi lake mwenyewe unamfanyaje?

Kisha mapafu yake yakaanza kukataa kazi. Kwanza ngazi zilimshinda, halafu viatu, halafu akawa hawezi kuketi kiti cha mbele akapumua. Akahamia kitandani moja kwa moja, akiegemea mito, na baridi ikawa adui yake wa kwanza. Ikimgusa kifua tu, anakohoa mpaka midomo inakuwa ya buluu.

Hapo Gudny akawa dereva. Mumewe akitetemeka, anawasha gari na kuondoka, hana aendako. Alizunguka ghuba ile asubuhi, akaizunguka mchana, macho mbele na sikio nyuma. Dukani walimwuliza, "Gudny, siku hizi unakwenda wapi kila saa?"

"Nakwenda kumpasha mume wangu moto."

Wakacheka, wakidhani ni utani wake wa kivukoni. Akachukua mkate wake akatoka nje, akalia kidogo kando ya tela la kuni, akajifuta, akawasha gari.

Mwishoni mwa Januari Sigrun, binti yao, alipiga simu kutoka upande wa pili wa mlima. Kitanda kimepatikana katika nyumba ya wazee, karibu na kwake. Chumba kina dirisha linalotazama bahari, na joto linatoka ukutani mchana na usiku.

"Ukutani," Asmund akasema. "Haya. Lakini sibebwi na gari la wagonjwa kama gunia la viazi. Utanipeleka wewe, humu humu."

"Mlimani kuna upepo, Asmund."

"Basi utaendesha polepole."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Gudny aliziba mbele ya rejeta kwa kipande cha katoni ili injini isipulizwe, akamfunga mumewe mablanketi matatu, wakaondoka.

Chini ya mlima wa Skarvheia geti lilikuwa limefungwa. Kule juu theluji ilikuwa inapeperushwa, kwa hiyo magari yalipanga foleni yakingoja kuvushwa kwa msafara nyuma ya greda. Mkuu wa msafara, jina lake Jostein, kijana mpana mwenye koti la rangi ya chungwa, alipita gari hadi gari.

"Mafuta yapo? Nguo nzito zipo? Ukishaingia kwenye msafara hakuna kusimama, hakuna kugeuza, hakuna kumpita mtu. Unafuata taa za mwenzako. Mko wangapi?"

Gudny alijua sheria. Mtu aliyelala kitandani bila mkanda haruhusiwi, na mgonjwa kama yule angerudishwa Bremvik angojee hali ya hewa na gari la wagonjwa. Huko gatini, gari likiwa limesimama, angemtunza vipi?

"Mmoja," alisema.

Nyuma ya pazia Asmund alibana kikohozi ndani ya mto. Gudny alimsikia akikibana, na moyo ukamwuma. Jostein aliandika, akamtakia safari njema, akaenda kwenye gari linalofuata, la mwanamke mwenye watoto wawili.

"Mwongo mkubwa we!" Asmund alisema geti lilipofunguliwa, kwa sauti ya kicheko na kikohozi.

"Nani kanifundisha? Lala."

Walipanda vizuri. Injini ilivuma, feni ya uvunguni ilipuliza, na Asmund akasema ana jasho. Lakini juu kwenye uwanda ulimwengu ulifutika. Ukabaki weupe mbele, weupe kando, na taa mbili nyekundu za lori zinazopotea na kurudi. Mara taa zile zikaacha kusogea. Kule mbele trela lilikuwa limeteleza likaziba njia, na msafara mzima ukasimama katikati ya upepo.

Injini ya dizeli ikiunguruma bila kazi haina moto wa kutosha mtu mmoja, sembuse nyumba. Gudny alitazama mshale wa joto ukishuka. Alikanyaga mafuta kidogo, ukapanda, ukashuka tena. Nyuma Asmund alianza kukohoa. Mbele pumzi ya Gudny iliganda kwenye kioo kwa ndani, naye akaikwangua kwa kucha, kisha kwa kadi ya duka. Hakuthubutu kwenda nyuma, maana taa za lori zikiondoka naye hayupo kwenye usukani, wote walio nyuma yake watabaki kufukiwa. Alimtazama kwenye kioo cha pembeni yule mwanamke mwenye watoto, na hakuona ila weupe.

"Asmund! Uko sawa?"

"Niko."

Msafara ulipoanza kusogea, kioo kilikuwa kimefunga kabisa. Alibakiwa na kitundu kama sarafu. Akainama akachungulia humo, akaona taa, akazipoteza, akasikia gurudumu likigusa ukingo wa theluji.

"Sioni!" alipiga yowe. "Asmund, kioo kinaganda, sioni kitu, Mungu wangu, sioni!"

"Endesha tu, Gudny."

Hilo alilisikia wazi. Kisha akasikia kitanda kikilia, na kitu kizito kikiburutwa, na kikohozi kirefu. Akaita. Hakujibiwa. Akaita tena huku kitundu kikiziba, machozi yakimwagika, na hana la kufanya kwa mikono yake miwili ila kushika usukani. Na hapo hapo miguuni pake pakaja uvuguvugu. Chini ya kioo utepe mwembamba ulianza kulowa, ukapanda, ukawa upana wa kiganja, na taa za lori zikatokea pale pale zilipotakiwa kuwa, nyekundu na nzuri.

Angekuwa mtu mwingine angesema injini imepata nguvu. Yeye alilijua gari lile. Alijua kuna koki moja tu, na ilipo.

"Ifungue!" alipiga kelele. "Mzee mjinga we, naona sasa, inatosha, ifungue! Rudi kitandani!"

Alipiga kelele hizo uwanda mzima. Alimtukana, akambembeleza, akamwambia kuhusu dirisha la bahari, akamtukana tena. Aliendesha akifuata taa, hakusimama, hakugeuza, hakumpita mtu. Nyuma yake gari lenye watoto lilifuata taa zake.

Kwenye geti la chini, upande wa pili wa mlima, aliegesha kando, akalivuta pazia. Asmund alikuwa sakafuni, kifudifudi, mkono mmoja uvunguni mpaka begani. Mablanketi yalibaki kitandani. Gudny alipiga magoti, akamgeuza, akaweka sikio mdomoni pake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akaingiza mkono wake palipokuwa mkono wa mumewe, akaifungua koki.

Jostein alipokuja kuhesabu magari, mlango ulikuwa wazi. Aliona, akavua kofia.

"Ulisema uko peke yako," alisema taratibu.

"Nilisema."

"Ningempigia daktari. Ningemweka kwenye greda, kule kuna joto."

"Najua, mwanangu."

Kijana alipiga simu. Gari la wagonjwa litakuja, alisema, ila barabara ya bondeni ni mbaya, litachelewa. Halafu akasita. "Wanasema ni vizuri uzime injini. Kwa ajili yake. Baridi ni bora sasa."

Gudny alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha nyingine. Majira yote ya baridi kuzima injini ile kulikuwa ni kumzima Asmund.

"Bado," alisema. "Maji hayajapata moto. Siwapi watu wasiomjua wamwoshe."

Akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, dhidi ya kila sheria. Mtu mmoja kutoka foleni ya upande ule alikuja kugonga. "Mama, hapa haturuhusiwi kuacha injini iungurume!"

"Nenda kakae ndani ya gari lako," Jostein alimwambia, akasimama mlangoni akiwapa mgongo.

Tangi lilipopata moto, Gudny alipima maji kwa kiwiko, kama alivyokuwa akimpimia Sigrun alipokuwa mtoto mchanga. Alimwosha uso, akamwosha shingo na ule mkono uliokuwa na vumbi la uvunguni. Alimvisha shati la kwendea nyumba ya wazee. Akarudi mbele, akazima injini mwenyewe.

Feni ikanyamaza. Upepo ukasikika. Alirudi akaketi sakafuni kando ya mumewe, mgongo kwenye tangi. Lilikuwa bado limejaa maji ya moto, na Gudny hakujua ayafanyie nini.