Mnadi Aliyefungwa Mdomo Ukerewe

Kama umewahi kununua shati la mtumba katika mnada wowote kuanzia Igoma kuelekea njia ya Magu, umenisikia. Sisemi umeniona. Nasema umenisikia, maana wengi hunisikia kabla hawajashuka kwenye bodaboda. Shule niliishia darasa la tano, na sioni nilichopoteza. Wenzangu waliomaliza wananiletea barua za kuomba kazi, na barua zenyewe nasomewa na mke wangu kwa sababu mwandiko wao mbaya. Nina duka Igoma, nina lingine Buzuruga, nina nyumba yenye ngazi za ndani, na vyote hivyo vimetoka kwenye koo hili. Vijana wa siku hizi wanarekodi sauti mara moja, wanaiweka kwenye spika, spika inapayuka kutwa nzima na wao wanachezea simu. Mimi sijawahi kununua spika. Spika ni mimi.

Sasa fikiria siku koo lilipogoma. Nimesimama juu ya meza, belo la mitumba limefunguliwa, kina mama wamezunguka, nafungua mdomo, unatoka mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Kina mama wakacheka, wakidhani ni mbwembwe mpya. Nikajaribu tena. Safari hii hakikutoka kitu kabisa.

Daktari alinipitishia puani mpira wenye kamera, akanionyesha koo langu kwenye televisheni. "Unaviona hivi vinundu, mzee? Viko kwenye nyuzi za sauti." Mimi nyuzi nilizozijua ni za cherehani. Akasema nikae kimya kabisa kwa majuma kadhaa. Nisiseme, nisiimbe, hata kunong'ona marufuku, maana kunong'ona kunaumiza vilevile. Vinundu vikinywea, vizuri. Visiponywea, atanipasua, na akinipasua haahidi kwamba itarudi sauti ileile.

"Inaweza kurudi ya namna gani?" mke wangu akaniulizia.

"Inaweza kurudi ndogo."

Ndogo! Mimi!

"Tena mtoe hapa mjini," daktari akamwambia mke wangu, kana kwamba mimi ni mzigo uliosahauliwa stendi. "Akibaki karibu na mnada ataongea tu. Msafirishe akapumzike. Mwende taratibu, msikimbizane na chochote."

Nilidhani kupumzika ni kulala. Kumbe siku hizi ni kazi, ina wataalamu wake na ina sare. Kwanza nilifanya kama mtu mwenye uwezo: tukaenda hoteli moja ya ufukweni palepale Mwanza, wanakokwenda wenye nafasi zao kutuliza akili. Kutuliza akili kwenyewe kulianza asubuhi na muziki uliotikisa vioo vya madirisha, chai ikawa inacheza kikombeni. Baada ya chai, dada mmoja wa suruali nyeupe akatupanga kwenye mikeka, watu wazima na vitambi vyetu, tukatazamishwa ziwa.

"Vuta pumzi. Achia. Uwe hapa. Usiwe jana, usiwe kesho. Uwe hapa."

Pembeni yangu bwana mmoja mwenye saa kubwa alikuwa hapo kwa makalio tu. Simu sikioni, anauza saruji. Dada alipomkonyeza azime, akafunika simu kwa kiganja akasema, "Dada, mimi nimetulia, wewe endelea."

Mimi nikawa mwanafunzi bora wa darasa, jambo ambalo halikunipata hata siku moja shuleni. Dada akanisifu mbele ya wote. "Mtazameni baba huyu. Huyu yuko hapa kabisa." Na mimi wakati huo kichwani nilikuwa naunadi ule mkeka, nimeshamwita mteja wa nyuma asogee mbele.

Jioni mke wangu akaanza kufunga mabegi.

"Wewe hapa hupumziki," akasema. "Unashindana. Unataka kumshinda yule wa saruji kwa kutulia. Kesho tunakwenda kwa shangazi."

Shangazi yake anaishi Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Huko nimekwenda mara nyingi, kwa harusi na kwa misiba, na kila mara nimekwenda kama mtu anayefukuzwa. Ziwa nilikuwa nalijua kwa jinsi linavyonichelewesha, basi.

Melini tulikaa juu, kwenye benchi, mabegi miguuni. Mbele yetu walikaa kina mama wawili waliosema wanatoka Igogo, wanapeleka nguo za watoto kisiwani. Meli haijaacha hata vizuri mawe ya mjini, wameshazoeana na mke wangu.

"Minada ya siku hizi imepoa," alisema mmoja. "Yule mpayukaji wa Igoma haonekani."

"Yupi?" mwenzake akauliza.

"Si yule mfupi, anayepanda mezani kama jogoo. Mali safi, mali safi, ukifika nyumbani shati halina kwapa."

"Aaa, huyo! Mimi aliniuzia suruali ya mwanangu, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nikamrudishia. Unajua aliniambia nini? Mama, mtoto bado anakua, mguu utafika."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Bila sauti, mimi kwao ni mzee yeyote tu. Niseme mawili hapa. Mimi si mfupi, ni wa wastani. Na ile suruali naikumbuka, niliiuza kwa bei ya mguu mmoja, hilo yule mama hakulisema. Nikamgeukia mke wangu anitetee. Akajikohoza kidogo, akaweka vizuri kanga yake.

"Nasikia hata nyumbani kwake ni hivyohivyo," akasema. "Mkewe akiwa na neno, anasubiri mume apige mswaki ndipo aliseme."

"Maskini mama wa watu!"

"We acha tu, dada."

"Na huyu mzee wako mbona kimya hivyo?"

"Huyu? Ndivyo alivyo. Mpole kweli."

"Basi umebahatika."

Majibu yalinijaa mdomoni mpaka mashavu yakavimba. Kama ningeyaachia pale, sauti yote iliyobaki ingeishia kwenye mguu wa suruali. Nikasimama, nikaenda nikashika chuma cha ukingoni, nikalitazama ziwa kwa hasira, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtazama.

Nimezaliwa kando ya ziwa hili na nilikuwa sijawahi kulitazama bila kusubiri kitu. Karibu na bandari maji yalikuwa ya kijani, mazito. Mbele yakawa rangi ya bati jipya. Juu ya jiwe moja ndege weusi walisimama wamefungua mabawa, kama mashati yaliyoanikwa yakingoja mteja. Mbali kabisa ukasimama moshi mweusi juu ya maji. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, hawahesabiki, wanapanda wote, wanashuka wote, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikawafuata kwa macho mpaka nikagundua kwamba na mimi napumua nao. Hasira ilichoka kabla yangu. Nilipogeuka, kina mama walikuwa wameshahamia kwenye habari za mchungaji wao.

Shangazi alipokea agizo lote la daktari isipokuwa kipengele kimoja.

"Mkwe wangu asiitike marahaba?" akasema. "Mtoto wa watu akuamkie shikamoo, umtazame tu kama ng'ombe? Hapa watasema mwanangu ameolewa na mwenye dharau."

Wakashauriana, yeye na mke wangu, huku mimi nimekaa katikati yao kama kesi. Ikapita kwamba nikiamkiwa niinue mkono wa kulia, kiganja mbele, na kuinamisha kichwa. Kijiji kile kina watoto wenye adabu mno. Kutwa nzima nikawa nainua mkono kama askari wa barabarani.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kukaa kibarazani. Siku za mwanzo kila kilichopita mbele yangu nilikinadi kimoyomoyo: kapu la machungwa, baiskeli, mbuzi, hata mbeba mbuzi. Halafu, sijui ilikuwaje, bei zikaniishia. Machungwa yakapita yakiwa machungwa. Nikaanza kusikia kisu cha shangazi kinavyolia kikimenya muhogo, na dagaa wanavyochakacha wakigeuzwa juani. Nikaanza kula taratibu, kwa kuwa asiyeongea mezani hana sababu ya kuwahi kumeza. Sato wa pale ni mtamu sana. Nimemla miaka yote nikiwa naongea, nilikuwa sijui.

Kisha majirani wakaligundua koo langu bovu wakaliona lina faida.

Majirani wa kulia ni ndugu wawili wanaoishi ua mmoja. Mkubwa ana ng'ombe. Mdogo ana bustani ya matembele. Ng'ombe anayapenda matembele. Basi mkubwa akaja kibarazani, akakaa, akanieleza tangu baba yao alipogawa shamba. Nikamtazama. Alipomaliza akashusha pumzi, akasema, "Asante, mzee. Umenisaidia sana." Sikuwa nimefanya kitu. Kesho yake akaja mdogo na habari ileile, imegeuzwa nje ndani. Nikamtazama. Naye akashukuru. Ikaenea kwamba mkwe wa pale ana hekima nzito. Mimi huyu, niliyesema maisha yangu yote bila mtu hata mmoja kunidhania nina hekima! Nilipofungwa mdomo tu, nikawa mzee wa baraza.

Haikupita muda wakaja wote wawili kwa pamoja, wamepandisha hasira.

"Mzee mwenyewe ameiona haki yangu," alisema mkubwa.

"Amekuambia lini? Mtu haongei!"

"Alinitazama."

"Hata mimi alinitazama. Tena mimi alinitazama zaidi!"

"Haya, tulieni," shangazi akawaambia. "Mwenyewe huyu hapa. Aamue."

Wakanigeukia. Na jibu nilikuwa nalo! Lilikuwa jibu rahisi ajabu: ng'ombe akafungwe kule ufukweni, mbele ya wanapoanika dagaa, kuna majani mengi na hakuna bustani ya mtu. Ulimi ukanyanyuka. Nilihisi neno la kwanza limeshafika kwenye meno. Mke wangu akaniwekea mkono gotini, akabana, si kwa mahaba. Nikawaza sauti ndogo. Nikajiona juu ya meza ya Igoma natoa mlio wa mbu, kina mama wananiambia, baba, sema tena hatujasikia. Nikafumba mdomo kwa nguvu mpaka masikio yakauma.

Palepale akapita binti na ndoo ya maji kichwani. "Shikamoo babu!"

Babu. Haya. Nikainua mkono, kiganja mbele, nikainamisha kichwa.

Mkubwa akautazama mkono wangu, akafuata ulikoelekea, akatazama ziwa.

"Kule," akasema polepole. "Anasema ng'ombe akafungwe kule."

Mdogo naye akatazama. "Kule kuna majani," akakubali.

Wakaondoka wanasaidiana kubeba kigingi. Kweli, mimi sikuonyesha popote. Lakini jibu langu lilikuwa hilohilo, kwa hiyo sifa naichukua yote.

Siku ya kuondoka ikakaribia, na daktari alikuwa amesema majuma yakitimia nijaribu, neno mojamoja, kwa upole. Nakwambia, mimi nimenadi kwenye mvua, nimewahi kubishana na mgambo mwenye rungu, lakini hilo niliogopa. Kila nikitaka kujaribu nasema nitakunywa uji kwanza. Nikishakunywa uji nasema ngoja utulie tumboni. Kwa maana nikijaribu ikakataa, nitarudi Mwanza nikiwa nani? Mfupi mwenye maduka mawili.

Mwisho nikateremka peke yangu ufukweni asubuhi. Hapakuwa na mtu, ila yule ng'ombe kwenye makazi yake mapya. Nikasimama mbele yake, nikajisafisha uso kwa mikono, nikafungua mdomo.

"Mama," nikamwambia, "karibu uchague."

Ikatoka. Si kubwa, na ilikuwa na vumbi kidogo, kama redio iliyokaa stoo. Lakini ilikuwa yangu. Nikamwambia tena, nikamsifia mali. Ng'ombe akanitazama, akatafuna, akanigeuzia mgongo. Mteja wa namna hiyo namjua, yuko kila mnada. Machozi yakanitoka, ya upepo.

Nikapanda kurudi mbio kwenda kuwatangazia. Nilipofika uani, mke wangu alikuwa anapara samaki huku anaimba, wimbo wa kanisani wa zamani, sauti ya pili. Miaka mingi nimeishi na mwanamke huyu, sikuwa najua kwamba anaimba sauti ya pili. Nikasimama. Nikasema moyoni, amalize ubeti huu. Ubeti ukaisha, akaanza mwingine. Nikaketi kibarazani. Akapita mtoto akaniamkia, nikainua mkono.

Siku hiyo sikusema. Wala jioni yake sikusema. Kesho yake tukapanda meli, nikakaa benchini na sauti yangu imekunjwa ndani kama noti kwenye soksi, na sijapata kusafiri vizuri kama siku ile. Daktari baadaye alipitisha mpira wake tena, akathibitisha vinundu vimenywea. Lakini mimi nilishapimwa na ng'ombe.

Mawe ya Mwanza yalipoanza kuonekana, mke wangu akasema bila kunigeukia:

"Yule ng'ombe alinunua?"

Nikashtuka kama mwizi. "Ulinisikia?"

"Nilikuwa nyuma ya matete, naosha samaki. Ulipoanza kumsifia mali, nikakutangulia nyumbani."

"Jana asubuhi! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungejibu."

Nilikuwa na jibu zuri sana la neno hilo. Ninalo mpaka leo.