Manukato ya Shibiri Moja

Kazi ya Bi Skrubu humfikisha mahali ambapo hata ndugu wa damu hawafiki kila siku: shibiri moja kutoka kwenye pua ya mtu asiyemjua. Ni fundi wa miwani katika duka dogo lililobanwa kati ya duka la dawa na kiwanda cha uchapaji. Asubuhi hupima macho. Mchana huinamia nyuso za watu, akinyoosha vipini nyuma ya masikio na kukaza viskrubu vidogo kama punje za ufuta. Jina alipewa na wenzake kwa sababu viskrubu hivyo humfuata mpaka nyumbani. Mumewe aliwahi kukikuta kimoja ndani ya soksi, na kilimkuta yeye kwanza.

Zamani alipenda manukato ya nguvu, yale yanayopiga hodi kabla ya mwenyewe kufika. Mpaka siku moja mwalimu mstaafu, aliyekuwa akirekebishiwa kipini, alipomwambia kwa upole, "Mwanangu, samahani, ngoja kwanza nipumue." Angemfokea, ingekuwa nafuu. Bi Skrubu aliona haya hadi masikio yakamwaka moto, na mwezi mzima uliofuata hakujipaka chochote zaidi ya sabuni. Lakini naye ni binadamu. Ilipofika saa tisa alasiri, taa ya kupimia ikimchoma shingoni, alijihisi ameanza kuchacha.

Akaenda kwa wifi yake, muuza vipodozi.

"Nataka kitu ambacho mtu akiwa mbali hakisikii, na akiwa karibu hakimkeri."

"Wifi, hayo si manukato," akacheka wifi. "Hiyo ni siri."

Hata hivyo akampa vichupa vya majaribio. Bi Skrubu akavivaa kazini, siku moja kichupa kimoja, akiwachunguza wateja kama daktari: nani kasogeza kichwa, nani kapiga chafya. Cha nne ndicho kilichokaa. Kinaanza kama peasi iliyokatwa sasa hivi, kisha waridi linapita taratibu, na kinachobaki ni kama nguo iliyoanuliwa juani. Tangu hapo hupaka tone moja ndani ya kila kiwiko kabla ya chai ya asubuhi. Huu ni mwaka wa sita, na hakuna mteja aliyewahi kuyasifia. Kwake, hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Kisha akaja bibi mmoja, mwembamba, mwenye mkoba aliougandamiza kifuani kana kwamba kuna anayeutaka. Aliletwa na mwanawe, dereva wa lori, aliyechoka kuambiwa na mama yake kwamba haoni vizuri kwa sababu balbu za siku hizi ni mbovu. Bibi akakaa kwenye kiti, akasoma chati yote, mpaka ule mstari wa chini ambao hata vijana huukimbia. Hakukosea herufi hata moja.

Bi Skrubu akabonyeza kitufe, herufi zikabadilika. "Hebu rudia, bibi."

Bibi akarudia herufi zilezile za mwanzo, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Kumbe alipokuwa kwenye benchi alimtegea sikio mteja aliyemtangulia, akazihifadhi zote moyoni. Mwanawe akaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Basi, twende zetu. Macho ni yangu, si ya serikali."

Bi Skrubu akamwomba mwana asubiri nje. Hakumkaripia bibi wala hakumbembeleza. Alichukua kurunzi yake ndogo, akamwinamia, akamwangaza jicho la kulia. Bibi akatulia ghafla, pua ikicheza.

"Wewe umekula peasi."

"Hapana, bibi. Ni manukato."

"Usinifundishe peasi. Nimezichambua kiwandani miaka thelathini na moja, kiwanda cha jemu. Hii imebakiza siku mbili kuiva. Na nyuma yake kuna waridi, tena jeupe. Jekundu lina ukali."

Bi Skrubu akatoa chupa mkobani mwake, akasoma karatasi iliyobandikwa nyuma. Peasi, waridi jeupe, na miski.

"Miski siijui," akasema bibi. "Hatukuipikia jemu."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kilipoisha bibi akaanza kusema mwenyewe. Mwaka wa pili sasa anapika kwa kunusa. Mtu akibisha hodi, anamjua kwa sabuni anayofulia. Hakuogopa upofu. Alichoogopa ni kuambiwa hawezi tena kuishi peke yake, ahamishiwe kwa mkwewe, akawekwe kwenye kona kama mwavuli.

Kumuuzia miwani kungekuwa rahisi, na mwenye duka asingelalamika. Bi Skrubu akamwambia ukweli. "Bibi, huu ni mtoto wa jicho. Miwani yangu haitakusaidia kitu. Anaondolewa hospitali, na wengi wanaona tena."

Bibi akaugandamiza tena mkoba kifuani. "Na wewe utakuwepo?"

Hiyo haikuwa kazi yake. Akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda.

Siku hiyo hakujipaka kitu, kwa sababu muuguzi alikataza manukato. Bibi alipotolewa chumba cha upasuaji, jicho moja limefunikwa na lingine halioni la maana, alinusa hewa mara mbili, akaanza kupapasa huku na huku. Hapo Bi Skrubu akamshika mkono.

"Nipo, bibi. Wamenikataza kunukia."

"Wangekukataza pia kunitisha," akajibu bibi, lakini mkono hakuuachia mpaka nje ya lango.

Jicho la pili lilifuata baada ya miezi miwili. Macho yote mawili yalipotulia, bibi akaja dukani kuchukua miwani ya kusomea. Akamtazama Bi Skrubu usoni kwa muda mrefu, bila adabu yoyote.

"Kumbe una mvi! Harufu ile ilinidanganya, nikadhani ni msichana."

"Umri wangu nao ni wangu, bibi, si wa serikali."

Mwanawe, aliyekuwa amesimama karibu na kaunta, akamvuta Bi Skrubu pembeni na kunong'ona: sasa unaonaje, mama anaweza kuendelea kuishi peke yake kule?

"Mbona unaniuliza mimi?" akasema Bi Skrubu, bila kunong'ona. "Mwenyewe yule pale. Muulize."

Kisha akavuta kiti, akamkaribisha bwana mmoja aliyekuwa ameikalia miwani yake.