Faili Niliyotuma Nairobi

Nianze kwa kusema nilikuwa mtu wa namna gani, maana kosa lenyewe lisingefanywa na mtu wa kawaida. Nilikuwa mfuasi wa programu huria. Ukininunulia chai, kabla haijapoa nitakuwa nimekueleza kwamba kampuni kubwa za kompyuta zinatufuga. Unanunua mashine kwa jasho lako, lakini programu iliyo ndani yake si yako. Huruhusiwi kuifungua uone inavyofanya kazi, huruhusiwi kumpa jirani, na barua uliyoiandika mwenyewe inaweza kukukataa siku moja mpaka ununue toleo jipya. Hapa Eldoret tuliokuwa na imani hiyo tulikuwa wanne. Tulikutana kila Jumamosi, tukachoma sidii za mifumo ya bure na kuzigawa kwa watu ambao hawakutuomba chochote.

Nilikuwa na saiba, duka la intaneti, ya kompyuta nane, ghorofani, juu ya duka la mzee mmoja Msomali aliyeuza magodoro, vitambaa na thamosi. Yeye ndiye aliyenipangisha. Kompyuta zote nane nilizing'oa mfumo wa kampuni nikaweka wa kwetu. Wateja walinuna. Mwanafunzi wa chuo alikuja na kazi yake kwenye flashi, akaifungua, akaona mistari imevurugika, akaniomba nimwekee "ile programu ya kawaida". Neno hilo lilinichemsha damu. Nilimuuliza, kawaida ya nani? Wengine walicheka. Wengi walivuka barabara wakaenda saiba ya pili, ambako kila programu ilikuwa ya kampuni na kila programu ilikuwa ya wizi.

Nilimweleza mzee mambo haya yote siku moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa wewe uko na kitu ya bure, na bado watu hawataki?"

Matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2007 yalipotangazwa nilikuwa saibani. Chumba nilichopanga kilikuwa mtaa wa Kiplombe, na kabla sijamaliza kuzima mashine barabara ya kwenda huko ilikuwa imewekwa mawe na magogo. Mzee akateremsha mlango wa chuma, akatia kufuli mbili. Sisi watu wa ziwani hatukuwa ndio waliotafutwa hasa siku hizo, lakini kijana mwenye panga hana subira ya kusoma kitambulisho.

"Wewe hakuna kwenda," mzee aliniambia. "Hiyo jina yako wakisoma mbaya, mimi nitamwambia mama yako nini?"

Kwa hiyo nikakaa. Tulikuwa wawili, yeye chini na magodoro yake, mimi juu na kompyuta zangu. Dirisha langu lilikuwa na vyuma. Kutoka hapo niliona moshi upande wa mashamba, moshi mwingine karibu zaidi, na barabara tupu ambayo mara moja moja watu walikimbia wakiwa wamebeba masufuria. Niliogopa, tena sana. Nilikuwa nikisikia kelele nakaa sakafuni, mgongo ukutani, nikisubiri zipite. Tulikula mchele wa mzee na chai yake ya viungo, na kila asubuhi nilimwomba anifungulie nikatazame hali, na kila asubuhi alikataa.

Umeme ulikuwepo, na intaneti ya simu ya mezani nayo ilikuwepo, ikijikokota. Nikafanya nilichokijua. Mji unaungua, nami nabishana kwa barua pepe na mtu wa Ujerumani kuhusu leseni za programu. Sioni fahari kulisema hilo, lakini ndivyo nilivyozipitisha siku hizo.

Siku ya sita, asubuhi, pikapu ya misaada ilipita ikisindikizwa na polisi. Akateremka mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi. Nilimfahamu vizuri, kwa kuwa alikuwa akija kwangu kuchapa mitihani. Mzee akamfungulia. Alikuwa amevaa sweta ya mwanamume, na mkononi ana daftari la mazoezi.

"Fundi, Mungu ni mwema, uko!" alisema. "Nisaidie. Niko na masaa mawili tu."

Alikuwa ametoka kambini, ambako watu waliochomewa nyumba walikuwa wamekusanyika. Ofisi moja ya misaada iliyoko Nairobi ilikuwa inaleta mabasi mawili yenye ulinzi, yawatoe wagonjwa na wazee kwanza. Lakini ilitaka orodha. Ambaye jina lake halikufika Nairobi hangepanda. Mwalimu alikuwa ameandika majina yote kwa mkono. Jina la nne lilikuwa la mama yake. Walikuwa wametoroka shamba lao upande wa Soy, wakakatiza shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na bua lililokatwa kwa panga likamchoma mama unyayo. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kambini hakukuwa na dawa.

"Hiyo mguu imeanza kunuka, fundi," alisema, na akageuza uso.

Alinisomea, nikachapa. Jina, umri, ugonjwa. Tulipomaliza aliniachia karatasi yenye anwani ya barua pepe ya ile ofisi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akakimbilia pikapu.

Nikabaki na ile orodha. Unapohifadhi faili, programu yetu inakuuliza unataka aina gani, ya kwetu au ya kampuni. Nilijua ofisi kama ile inatumia programu ya kampuni. Nilijua kwamba programu hiyo haitaisoma faili ya kwetu, kwa kuwa kampuni haikuwa na haja ya kuifundisha. Nilijua yote hayo, nikachagua ya kwetu. Nilijiambia kwamba shirika zima linaloishi kwa kusaidia watu lapaswa kujua linakula meza moja na nani. Nikatuma.

Jibu lilikuja kabla ya saa kupita, la adabu kabisa. Asante, faili haifunguki, tafadhali itume tena kwa njia ya kawaida.

Kawaida! Kubadilisha ile faili ni kubofya mara mbili. Ningeweza hata kuyabandika majina ndani ya barua yenyewe, bila faili yoyote. Badala yake niliandika aya sita. Nikawaeleza kwamba haifunguki kwa sababu wamekubali kufungwa, kwamba pesa za wafadhili zinaishia kwenye leseni, kwamba mtu akikimbia nyumba yake inayoungua hafai kuombwa kibali cha kampuni ya ng'ambo ndipo jina lake lisomwe. Mwishoni niliwawekea kiungo cha kupakua programu yetu nzima, bure. Kwa intaneti ya siku zile ingechukua siku nzima. Nilipotuma nilihisi vizuri kuliko nilivyokuwa nimehisi wiki nzima.

Nilishuka kumweleza mzee. Alikuwa anapuliza jiko.

"Na majina wamepata?" aliuliza.

"Watapata, wakishapakua."

Akaniongezea chai.

Alasiri ile laini ya simu ilikatika. Nilidhani itarudi baada ya saa moja. Haikurudi siku hiyo wala iliyofuata. Ile karatasi ilikuwa na anwani ya barua pepe tu, haikuwa na namba ya simu. Nikaibadilisha faili, nikaiweka ya kampuni kabisa, nikaitia kwenye flashi na kuivaa shingoni, kisha nikamwomba mzee anifungulie niipeleke kambini kwa miguu. Alikataa. Nilimpigia kelele, mtu aliyekuwa ananilisha. Aliweka funguo ndani ya kanzu yake akakaa mlangoni. Nikarudi juu nikakaa na faili iliyo sahihi, sina pa kuituma.

Mabasi yalikuja siku ya tatu baada ya laini kukatika. Mwalimu ndiye aliyeniambia, alipopata tena lifti ya ile pikapu. Walikuwa wamemvalisha mama, wamemketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, vitu vyake vimefungwa kwenye leso. Ofisa akasoma majina. Yalikuwa ya watu wa kambi nyingine tu, walioletwa kupandia hapo, kwa kuwa orodha yao ilifika. Mama alikaa hapo mpaka basi la pili likaondoka.

"Wamesema sisi hatukutuma kitu," mwalimu alisema. "Si ulituma, fundi?"

Nilimwonyesha. Laini ilikuwa imerudi asubuhi hiyo. Barua niliyotuma ilikuwepo, siku na saa, na faili imeambatishwa.

"Nilituma, Madam. Programu yao ilikataa kuisoma. Hizi kampuni kubwa zimefunga programu zao zisisome kitu cha mtu mwingine."

Kila neno lilikuwa la kweli. Jibu lao sikumwonyesha. Alisimama akiitazama ile skrini, machozi yakimtoka, akasema, "Hawa watu wana roho gani?" Nami nikasema sijui.

Mama alitolewa wiki mbili baadaye. Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Mambo yalipotulia yeye na Mwalimu walipanga nyumba Kiplombe, karibu na kwangu. Shambani hawakurudi. Nilikuwa nawatembelea, kwa kuwa kutowatembelea kungekuwa vibaya zaidi. Mama aliniita kijana yangu. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa, huyu ndiye alijaribu kututoa, watu wa kompyuta wakamkatalia. Alinichemshia mahindi, akanichagulia yaliyo laini. Nikayala yote.

Mwalimu naye aliokoka, kama tulivyopenda kusema sisi wanne. Aliniomba nimfundishe programu huria, na alishika kwa bidii kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha. Shule yake ilipopewa kompyuta kuukuu aliziwekea mfumo wetu mwenyewe, na darasani alieleza kwa nini. Hadithi aliyowapa watoto ilikuwa ya mguu wa mama yake. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa pale pa kuchagua aina ya faili. Nilimwambia kuhifadhi ni kubofya kile kipicha cha disketi, basi. Miaka mitatu nilimzungusha nisimfikishe hapo, na kila somo likiisha nilikuwa nimelowa jasho.

Aliyemfikisha ni mwalimu mkuu, aliyeshindwa kufungua orodha ya alama aliyotumiwa na Mwalimu. Mwalimu akapekua menyu mwenyewe. Jumamosi hiyo, kama saa nne asubuhi, alikuja saibani, akaketi mbele ya kompyuta, akafungua ile orodha ya aina za faili, akaweka kidole kwenye skrini.

"Fundi, hii kitu ilikuwa hapa hiyo time?"

"Ilikuwa."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Madam. Na walinijibu. Waliniomba niitume tena."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka wajifunze."

Hakunipigia kelele. Alitazama kidole chake, akakiondoa pale kwenye skrini. Nikasema nitaenda kwa Mama leo hii nimweleze mwenyewe, lolote liwe. Hapo ndipo aliposimama.

"Usithubutu. Mama alisamehe wale walichoma nyumba, hiyo alimaliza na Mungu. Lakini kila siku anasema kulikuwa na mtu mmoja alitusaidia. Mmoja tu. Ukimnyang'anya huyo, atabaki na nini?"

"Na wewe?"

"Mimi sitakuja hapa tena," alisema, na hajaja.

Sijaacha kuamini niliyoyaamini. Kampuni zimekuwa kubwa zaidi, siku hizi simu mtu ananunua hata betri hawezi kuitoa, na wale wenzangu watatu wananiita nikahutubie vijana kuhusu hayo. Siendi. Nikifungua mdomo kulisema lililo kweli najisikia namdanganya mtu.

Mama hajui kwa nini binti yake hanitaji. Kila sikukuu ananipigia simu, anauliza kama nimekula, kama nimeoa. Mwisho huwa anauliza hilo moja.

"Kijana yangu, na wale watu wa kampuni, bado wanafungia watu?"

"Bado, Mama."

"Usichoke nao," ananiambia. "Mimi nakuombea."