Kuku Niliyembeba Mgongoni

Nilimsikia kabla sijamwona. Kho... kho... kho, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kutamka neno zito, sauti ikitoka nyuma ya mafiga jikoni, na mimi nikasimama mlangoni na ndoo yangu mkononi nikijua kwamba ni yeye, kuku wangu, na kwamba akifa wiki ile na mimi nimekwisha. Mpaka leo naona haya kuusimulia mkasa huu, maana kuna watu pale Kigera ambao jina langu hawalijui lakini ukiwatajia "yule wa kuku" wanashika mbavu. Ila afadhali muusikie kwangu kuliko kwao, wao wanaongeza chumvi (na miaka ile chumvi yenyewe ilikuwa haionekani madukani).

Kuku huyo nilipewa na mama mkwe. Tuliolewa wawili mwaka mmoja katika ukoo ule, mimi kwa Magesa na Nyangeta kwa mdogo wake Magesa, na siku ya harusi ya Nyangeta Mama akaja kutoka Kiriba na matembe wawili wekundu, kuku wasiotaga bado, waliofungwa miguu kwa kamba moja ya katani, akampa kila mmoja wake, akasema, "Hawa wakianza kuangua, na ninyi mtakuwa mmeshaitwa mama." Aliyasema kwa furaha tu na watu wakapiga makofi, lakini mimi neno lile lilinikwama kama mwiba wa sato. Miaka miwili baadaye kuku wa Nyangeta alikuwa ameshaangua mara tatu, na Nyangeta mwenyewe alikuwa na Mafuru, mtoto wa miezi mitano, mnene, mwenye mikunjo mapajani mpaka unatamani kumng'ata. Mimi nilikuwa na kuku aliyekonda hadi kidari kimechongoka kama kisu, na tumbo langu nalo... basi, mnaelewa.

Wivu ulinikaa vibaya. Nikipita uani kwa Nyangeta nikaona vifaranga vyake vinatimka huku na huku kama punje zilizomwagika, narudi nyumbani namkamata wangu, namfumbua mdomo, namshindilia: mahindi makavu, vipande vya makopa ya muhogo, vichwa vya dagaa, chochote. "Kula! Mbona mwenzio anakula?"

"Wewe," Magesa aliniuliza siku moja, "huyo kuku unamlisha au unamgombeza?"

Kadiri nilivyomlisha ndivyo alivyozidi kukonda. Kisha ikaja habari kwamba Mama anakuja Jumamosi, na Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo kuku aliyoamka akikoroma.

Nikaamua nimpeleke kwa bwana mifugo, ambaye ofisi yake ilikuwa karibu na gati la Mwigobero. Sasa, kumshika kuku miguu ukapita naye mjini siku zile ni kutafuta maswali, kila hatua mtu anakuuliza, "Mama, unauza?" na aliyekonda vile wangeniuliza na mengine, na habari ingemfikia Nyangeta kabla sijafika. Basi nikamviringisha kwenye khanga, nikamweka mgongoni, nikamfunga kwa kitenge changu cha kijani na kumfunika mpaka kichwani, kama mtoto mchanga anayekingwa na upepo wa ziwa. Uamuzi mdogo tu. Hata mwenyewe nilicheka njiani.

Nilipofika kwenye duka la ushirika nikakuta sukari imekuja. Foleni ilikuwa imezunguka jengo na kurudi, na katikati yake, juani, bila Mafuru (alikuwa amemwacha kwa jirani amelala), alikuwa amesimama Nyangeta. Nikainamisha kichwa nipite. Ndipo karani wa duka, Bwana Saidi, akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti:

"Wenye watoto wachanga wapite mbele! Wewe mama wa kitenge cha kijani, unakwenda wapi? Pita!"

Niligeuka kumtafuta huyo mama. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Ningeweza kusema hapana, neno lenyewe ni fupi, lakini nikamwona Nyangeta ametoa macho, mdomo wazi, yeye wa nyuma na mimi wa mbele kwa mara ya kwanza tangu tuolewe, na miguu ikaenda yenyewe.

"Jamani, kumbe amejifungua!"

"Lini? Si juzi tu tulikuwa naye ziwani tunafua?"

"Aa, hawa walioolewa kutoka Bunda, wanafichaga sana mambo yao."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," nikasema. (Sikudanganya.)

"Mbona anakoroma hivyo?"

"Ana mafua."

Ningechukua sukari yangu nikaondoka, wallahi, kama boti la kutoka upande wa Kiriba lisingefika mapema. Mama alikuwa anapandisha kutoka Mwigobero na kikapu chake cha viazi kichwani, na mwanamke mmoja mwenye moyo mwema, Mungu amsamehe, akamwita kwa mbali, "Bibi, hongera! Mjukuu huyu hapa!"

Kikapu kilianguka. Viazi vilibingirika barabarani, na Mama hakuviangalia. Alipiga vigelegele mpaka foleni nzima ikaitikia, akaja akicheza, mikono imetangulia mbele, machozi yanamtoka, na mimi nikashindwa hata kurudi nyuma hatua moja. Akaufunua ule ukingo wa kitenge.

Kilitokea kishungi chekundu, kimelala upande. Jicho moja limefumba, jingine linamtazama mkwe wangu.

"Kho," akasema kuku.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Saidi. "Mama, na huyu nimwandikie kilo yake?"

Watu walicheka mpaka foleni ikavunjika. Nyangeta alikaa chini kabisa, amejishika tumbo. Mama peke yake hakucheka. Alimfunika kuku kichwa, taratibu, kama anavyofunikwa mtoto, akaokota viazi vyake kimoja kimoja, akaniambia, "Twende nyumbani."

Nyangeta alitufuata, bado anafuta machozi ya kicheko. Tulipofika alimchukua kuku bila kuniomba, akampapasa shingoni.

"Dada, shika hapa kwenye gole. Gumu kama jiwe. Umemshindilia! Alikuwa anakufa njaa huku gole limejaa, hakuna kilichokuwa kinapita."

"Mimi nilikuwa namlisha."

"Unamlishaga kama unamkomoa."

Akaomba maji ya uvuguvugu na tone la mafuta, akamnywesha, akawa anasugua gole kwa vidole viwili, polepole, na yule kuku, ambaye mimi alikuwa akiniona anakimbilia uvunguni, akafumba macho na kulegea mikononi mwake. Hata kuku!

"Akae kwako mpaka apone," Mama akamwambia Nyangeta.

Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuku. Yeye anakwenda kwenye nyumba ambako kila kitu kinaangua, na mimi nabaki. Nyangeta akachukua kitenge changu kilekile, akamfunga mgongoni, akajizungusha, "Mnaonaje, ananipendeza?" kisha akasema, "Haya Mama, twende," maana Mama akija mjini hulala kwake, kwa mjukuu.

Mama alikuwa ameshakaa mkekani anavua kandambili.

"Tangulia. Mimi leo nalala hapa." Akanigeukia. "Mwanangu, lile neno la siku ya harusi lilikuwa neno la kuku tu. Wewe ukalimeza."

Niliapa moyoni, na kiapo hicho sijakivunja: sitafunga tena mgongoni kitu nisichoweza kukifungua mbele za watu. (Wivu wenyewe sikuuapia, najijua.)

Nyangeta akatoka. Juu ya bega lake kuku aligeuza shingo akanitazama, kho, mara moja tu, na mlango ukafungwa nyuma yao.