Mganga wa Ukurasa wa Arobaini

Kiende alikuwa na ofisi ndogo ya kutaipu na kutoa fotokopi mjini Meru, juu ya duka la dawa za mifugo. Kazi yake kubwa ilikuwa programu za mazishi na mitihani ya shule, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona kosa akaliacha. Marehemu wengi wa Imenti walizikwa wakiwa na sifa walizoongezewa na Kiende. Familia hazikulalamika.

Januari, Mwalimu Kaimenyi, aliyestaafu kufundisha fizikia huko Kanyakine, alimletea madaftari manne ya riwaya. Ilihusu ufalme uliokosa mvua, ambako kuhani, mganga na mwanasayansi waligombania nani mwenye haki ya kuileta. Mwanasayansi alikuwa mrefu, mtulivu na mwenye upara, kama mwalimu mwenyewe. Alishinda kila ubishi.

Kiende, mwanakwaya wa miaka mingi, alivumilia sura mbili. Katika ya tatu kuhani aliulizwa swali akabaki ameduwaa, na Kiende akaona hiyo ni aibu. Pasta wake asingekosa jibu. Akamwandikia kuhani sentensi mbili tu. Zikawa ukurasa mzima. Kisha akafika pale mganga anapotumbukia kisimani na kufa. Hapo aliacha kutaipu. Nyanya yake alikuwa akiwatibu watoto wa kijiji kwa mizizi, jambo ambalo Kiende hakulitaja kanisani, wala hakuona mizizi ile ilikuwa imemkosea nani. Akamtupia mganga kamba.

Mwalimu alipokuja kuchukua kazi yake, aliisoma papo hapo kwenye benchi, huku Kiende akijifanya kubana karatasi zilizokwisha kubanwa.

"Huyu mama mganga alikufa ukurasa wa arobaini," mwalimu alisema hatimaye.

"Nilimtoa, mwalimu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Alikuwa bado na kazi. Hakuna mwingine kwa hicho kitabu anayejua kutibu homa, na homa inaingia sura ya saba."

Mwalimu akafungua sura ya saba. Kweli, homa ilikuwapo, na ilimpata mwanasayansi. Katika daftari alikuwa amepona bila maelezo yoyote. Mtu aliyewakata wanafunzi alama miaka thelathini kwa kutoonyesha njia ya hesabu hakuwa na pa kujificha. Alikusanya karatasi zake akaondoka bila kuaga.

Baada ya wiki mbili alirudi. Alieleza kwamba mkewe, Gacheri, amesoma yote na kumpenda mganga kuliko wenzake, kwa hiyo abaki. Lakini kuhani anasema sana, apunguzwe. Kiende alikubali kwa upole, akafuta sentensi moja.

Halafu mwalimu akavuta kiti karibu na kompyuta, wakabishana mpaka saa saba juu ya nani alete mvua. Mwishowe ilinyesha bila kutajwa aliyeileta, nao wakashuka kwenda kula chakula cha mchana, kila mmoja akiamini ameshinda.