Skrini Iliyosukumwa Hadi Tisini

Mifupa iliibuliwa na wajenzi waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba upande wa Busasamana. Aliyelijua shimo lile walimotupwa watu wetu tangu mwanzo ni jirani yetu wa zamani, yule aliyekuwa akinywa maziwa kwetu kila Jumapili. Alifungwa, akaomba msamaha, akatoka, na miaka yote hiyo hakutaja shimo. Huyo ni wa kwanza aliyemkosea mama yangu. Wa pili ni mume wangu. Yeye hakuua mtu, alitaka tu mpira uteleze.

Sisi tuliobaki baada ya mauaji ya kimbari huitwa kutambua nguo. Mifupa haina sura, donc nguo zinafuliwa, zinatandikwa kwenye mikeka, nawe unapita polepole ukitafuta ya mtu wako. Mimi niliachwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilimpigia shangazi yangu aliye Ubelgiji anitumie picha ya mama, ile moja iliyookoka. Simu yangu ni ya tochi, kwa hiyo picha ikaja kwenye kompyuta yetu hapa Gisenyi.

Wiki ile mume wangu, mstaafu wa forodha, mtu mwenye mvi, alikuwa anacheza mpira wa kompyuta na rafiki yake, fundi kutoka Goma. Fundi akamwambia skrini inabadilisha picha mara sitini kwa sekunde, lakini inaweza kulazimishwa kufika tisini.

“Haiwezi kuungua?” niliuliza.

“Mama, we tulia,” fundi akasema. “Iko na nguvu. Kiwandani waliifunga breki tu.”

“Huyu anaogopa hata pasi,” mume wangu akaongeza, wakacheka.

Kweli, wachezaji wakaanza kuteleza kama wamepakwa siagi. Rangi zilibadilika, nyuso za wachezaji zikawa kama za wagonjwa, lakini wao walikuwa wanatazama goli.

Jioni ile nikafungua picha ya mama. Amesimama mlangoni, amevaa ile sweta aliyokuwa nayo siku ya mwisho, na ni ya kijani. Nilishangaa, maana kichwa changu kilikuwa kimeshika njano. Nikajiambia: mimi niliishia darasa la tano, nilikimbia nikiwa na homa na hofu. Mashine haikukimbia. Nikaiamini mashine.

Kesho yake asubuhi nilipita kwenye mikeka nikitafuta kijani. Sweta ya njano niliiruka, hata sikuinama. Nilipofika mwisho nikamwambia mama anayetusimamia, “Wangu hayumo.” Akaandika.

Nyumbani nilikuta skrini inazima na kuwaka, michirizi inapita katikati. Mume wangu alikuwa amefungwa mabao matatu, anafoka. Akairudisha sitini.

“Bon, imepona,” akasema.

Nikamwomba aniachie kiti nimuage mama. Nikafungua picha.

Njano. Njano ya kiini cha yai.

Nilisikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi.

“Mumemubadilisha!”

“Nani tena?”

“Mama yangu! Mumemuvalisha nguo ya mutu mwingine!”

Mume wangu akatazama picha, akanitazama, kisha akakaa sakafuni. Nilikuwa nimemwambia natafuta kijani.

“Sikujua inagusa na rangi,” akasema.

Sikujua. Jirani yetu naye alisema hivyo kwenye gacaca, mahakama ya kijiji, mbele ya watu wote, mikono nyuma. Nchi hii ina watu wengi wasiojua. Na mimi nijitaje, ni wa tatu: nilimkana mama kwa sababu kioo kilisema.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikamwomba dereva asisimame popote. Njia nzima nilikuwa naona mikeka mitupu.

Nilikuta nguo zinakunjwa.

“Mama, asubuhi ulisema hayumo,” msimamizi akaniambia.

“Nilidanganywa rangi. Nipe ile ya njano.”

Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kunipeleka kwa daktari. Hata hivyo akaivuta kutoka chini ya nyingine, akanipa.

Ilikuwa nyepesi. Niliupindua mkono wa kushoto nikatazama ndani ya pindo. Palikuwa pamechanika, pakashonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa, mibaya, ya mtoto anayejifunza sindano. Mama alinicheka siku ile, lakini aliivaa hivyo hivyo akaenda nayo sokoni.

Vidole vyangu vilikataa kuiachia.

“Futa ulichoandika asubuhi,” nikamwambia msimamizi. “Huyu ni mama yangu. Hii nilishona mimi.”