Nilimwigiza Aunty Jukwaani Nikiwa Nimevaa Leso Yake

Admin, nifiche kabisa, maana watu wa kanisa letu wako humu na wengine watanijua hata bila jina.

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi mtaa wa Gatwekera. Sina mume wala mtoto, nina kazi moja tu ninayoipenda, kuigiza. Tuko watu tisa kwenye kikundi, tunaonyesha michezo ya kuigiza mashuleni na kwenye kumbi za makanisa. Mwaka huu tulichukua mchezo mmoja wa zamani sana, wa tajiri anayezungushwa na watumishi wake mwenyewe. Mimi nikapewa yaya mzee wa hiyo nyumba. Ni sehemu ya kuchekesha, na kwa wiki tatu za mazoezi sikuchekesha hata nzi. Nilikunja mgongo, nikatetemesha sauti, wenzangu wakaniangalia tu kama watu wanaongojea chai.

Director wetu akachoka na mimi. Akaniambia, "Wewe, hakuna mzee anakaa hivyo. Enda home, chagua mtu mmoja unamjua vizuri, kesho ukuje na yeye." Hiyo ndiyo njia yake ya kufanya kazi. Kila mtu kwenye kikundi alikuwa ameleta mtu wake, mmoja hata alimleta keateka, yule anayetunza plot yao, na ilitoka poa sana. Mimi nikamleta Aunty.

Aunty ni mdogo wake marehemu mama. Alinilea Kawangware tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na bado anaishi huko, anauza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe yaliyochemshwa kando ya barabara ya kwenda Satellite. Anachechemea mguu wa kulia. Akifika mahali, popote pale, anapigapiga kiti mara mbili na mkono, anaketi, halafu anasema kwa sauti, "Asante Yesu, nimefika!" Hata kama ametoka tu mlangoni hadi kitandani.

Siku niliyoleta hiyo kwa mazoezi, watu walilala chini kwa kicheko. Director alipiga makofi. "Hapo sasa! Usiguse kitu!" Sitawadanganya, nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia maishani.

Nikakosa kitu kimoja tu, leso ya kizee ya kujifunga. Mjue vile niko mjinga, nilienda kumwomba Aunty mwenyewe. Nilimwambia ni ya mchezo, sikumwambia ninamwigiza nani. Nilikuwa nataka ile imechakaa ya kazi. Akakataa, akanitolea ile ya kanisa, akaipiga pasi kwanza. "Usiende mbele ya watu na matambara," akasema, "watadhani huna kwenu."

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa moja hapo Kawangware. Jumamosi ni siku yake ya biashara, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi. Kumbe alifunga kazi na akaja na akina mama wa kanisa, safu nzima, wote wamevaa vizuri, kuja kuona mtoto wake.

Niliwaona nikiingia. Akina mama ndio walishtuka kwanza. Mmoja akapiga kelele, "Wuui! Si huyu ni wewe!" na wote wakageuka kumwangalia wakicheka. Aunty pia alikuwa anacheka. Hapo, jamani, nilikuwa na nafasi. Ningenyoosha mguu tu, nani angejua nimepunguza kitu? Lakini ukumbi ulikuwa umewaka, na mimi nikaongeza. Nikachechemea zaidi. Nikapiga kiti mara nne badala ya mbili. Mara ya pili nilipoketi, watoto wote waliokuwa ukumbini walipaza sauti pamoja nami, "Asante Yesu, nimefika!" Nilipoangalia safu yao tena, Aunty alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaangalia leso.

Baadaye alingoja, akasalimia kikundi chote, akamwambia director tumefanya kazi nzuri. Kwangu alisema, "Umeshika kila kitu. Hata mguu." Halafu akaondoka na wenzake, na niliona anajaribu kutembea sawa, akienda polepole hadi kwa geti.

Kuna kitu nimekikwepa tangu nianze kuandika. Ule mguu aliuumiza kwa sababu yangu. Nilikuwa mgongoni mwake, mvua imenyesha, akateleza kwenye matope. Angeanguka chali angeniangukia. Alijipindua angani ili aangukie ubavu wake, na nyonga haikupona vizuri. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Hii hadithi nimeijua tangu utotoni, na nilikuwa naijua nikiwa jukwaani.

Sasa kanisani watoto waliokuja kwenye onyesho wakimwona wanasema yale maneno. Hawana ubaya, wanampenda. Jumapili iliyopita nilienda nikakaa nyuma yake. Alifika, hakupiga kiti, akaketi kimya.

Nilimwambia director nataka kumwigiza yaya kwa njia nyingine. Akasema, "Yaya ndiye show. Shule zimeitisha yeye." Nikasema basi natoka. Akanionyesha msichana wa kikundi ambaye tayari ameshajifunza, anachechemea mguu uleule, anaketi vilevile. Kwa hivyo hata nikiacha, Aunty ataendelea kuchekwa, na safari hii na mtu ambaye hata hamjui.

Bado sijaomba msamaha. Nilienda Jumanne nikiwa nimeifua leso, nimeikunja vizuri, maneno yote niko nayo mdomoni. Akaishika, akaipapasa, akanirudishia. "Kaa nayo tu," akasema. "Nikiivaa watasema nakuiga wewe."

Nilirudi Gatwekera na leso kwapani. Ndugu zangu, nimwambie nini mama huyu? Nianzie wapi?